Kitufe Baada ya Ratemo

Ndugu zangu wawili hawakubaliani juu ya kitu chochote, lakini mwaka huu walikubaliana kwamba baba hawezi kusema. Hilo lilikuwa kweli. Baba yetu, mzee Anyona, alikuwa karani wa kupima majani ya chai kituoni kwetu Gesima kwa miaka ishirini na minane, na mwezi wa pili akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa wote, ulimi ukafa nao. Akili ilibaki nzima. Lakini akili ya mtu asiyeweza kusema ni shamba lisilo na ua, kila apitaye anachuma.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa emonga. Kwetu mwanamume huwagawia wanawe mashamba akiwa hai, ila hujibakizia kipande kimoja cha kwake mwenyewe. Hicho ndicho emonga, na siku akiamua kukitoa hakuna wa kumwuliza kwa nini kampa fulani. Cha baba ni ekari moja na nusu ya chai kando ya barabara, chai isiyokosa majani hata kiangazi. Ochoki, kaka yangu mkubwa, alijifungia naye chumbani akamwuliza kama atampa yeye, baba akaitikia kwa kichwa. Ratemo, wa pili, akajifungia naye kesho yake, akauliza lile lile, akaitikiwa vile vile. Siku zile baba alikuwa akimwitikia hata mbuzi. Kila mmoja akatoka na ushahidi wake, na kufikia Mei walikuwa hawasalimiani tena kanisani.

Mzee Obadiah, ambaye ni mzee wa kanisa na ndiye mwenyekiti wa wazee wa ukoo, akachoka nao. Akaitisha kikao cha Jumapili, naibu wa chifu awepo aandike, na baba aseme mwenyewe mbele ya watu. Atakachosema siku hiyo kitakuwa kimekwisha, hakifunguliwi tena.

Aseme kwa mdomo upi? Ndipo nikaitwa mimi.

Mimi ni Gesare, wa tatu na wa mwisho. Natengeneza kompyuta Kisii mjini, katika chumba cha nyuma ya duka la viatu. Niliolewa Nyaramba, nikarudi, na sababu zangu sizitangazi. Mwanamke aliyerudi kwetu ni mgeni wa kudumu: anapikiwa chai, anaulizwa ataondoka lini. Labda ndiyo maana nina mdomo. Harusini na matangani nawaambia wanaume wa ukoo wetu kwamba katiba imewaweka binti na kijana sawa, tena kifungu nakitaja kwa namba, nao wanacheka, wananiita wakili. Nilijiona macho yangu yamefunguka kuliko yao wote.

Nilikuwa na laptopu ya mtumba, kuukuu kiasi kwamba mfumo pekee uliokubali kukaa ndani yake ni Linux. Vitufe vyake vidogo visingemfaa baba. Mkono wake wa kushoto, ambao ndio uliobaki, unatetemeka, na kidole kimoja kikishuka kinaangukia herufi nne. Nikapata kwa muuza vyuma chakavu kibodi ndogo ya kaunta, masalio ya supamaketi fulani iliyofungwa. Ilikuwa na vitufe kumi na sita tu, vinne kwa vinne, vikubwa kama viberiti, na kila kimoja kifuniko chake kinafunguka, unaweka kikaratasi chenye maandishi.

Wazo lilikuwa rahisi: kila kitufe neno moja. Baba akibonyeza, laptopu iseme.

Kazi haikuwa rahisi. Nilipoichomeka, Linux ikaipokea kama kibodi nyingine yoyote. Draiva, yaani ile programu ndogo inayoiambia kompyuta kifaa hiki ni nini na kinasema nini, ilikuwa ya jumla, nayo haikuwahi kukutana na vitufe vya kaunta. Kumi na viwili vikaandika tarakimu na alama. Vinne vya safu ya chini havikuandika kitu. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikabonyeza kimoja kimoja na kusoma msimbo unaoingia. Kumbe hata vile vinne vilikuwa vinasema, ila mfumo haukuwa na jina la vilichosema. Nikaandika faili la kuvipa majina, nikauamuru mfumo ulisome upya, vikaitika.

Nikadhani nimemaliza. Nikachomoa, nikachomeka tena, kila kitu kikasahaulika. Ikabidi niandike kanuni yenye namba ya utambulisho ya ile kibodi, ili mfumo uijue kila inaporudi. Halafu ikawa inachanganyika na kibodi ya laptopu yenyewe, nikijaribu kitufe cha Maji, tarakimu ya 3 inajiandika pale nilipokuwa naandika. Nikaitenga, isikilizwe na programu yangu peke yake. Halafu mtetemo: nikiutikisa mkono kama wa baba, mguso mmoja ukawa unaitwa maji, maji, maji, maji. Nikaiambia programu ipuuze kitufe kile kile kikirudiwa kabla ya sekunde moja kupita. Mwisho nikaongeza faili la kumbukumbu, linaloandika kila kitufe kilichobonyezwa na saa yake, ili kosa likitokea nijue limetokea wapi. Siku tano nilikula mihogo ya kuchemsha kwa mkono mmoja, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Nyaramba.

Sauti ilikuwa ya binamu yetu Onchiri. Ile sauti ya mashine inajua Kiswahili, lakini majina yetu inayatafuna, na kikaoni watu wangezungumza Ekegusii. Onchiri ana sauti ya baba hasa, hata mama alishtuka. Nilimrekodi kwa simu alasiri moja, kesho yake akarudi kazini Nakuru.

Maneno niliyachagua mwenyewe. Safu ya kwanza: Ee, Yaya (ndiyo hapana ya kwetu), Maji, Choo. Ya pili: Uji, Baridi, Naumwa, Nigeuzeni. Ya tatu: Mama, Ochoki, Ratemo. Ya nne: Emonga, Nusu kwa nusu, Subirini, Nimemaliza. Ukihesabu utaona ni kumi na tano. Kimoja, cha mwisho katika safu ya tatu, kilibaki wazi kwa sababu maneno yalikuwa yameniishia. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Onchiri aliponiuliza kama kuna jingine.

Alhamisi nikampelekea baba. Nilimwekea kibodi juu ya sinia magotini, laptopu kwenye kigoda. Mtu aliyeshinda na mizani ya chai miaka yote ile hafundishwi vitufe. Aliviangalia, akasoma vikaratasi, akabonyeza Maji. Sauti ikatoka. Mama akakaa chini palepale na kulia, na baba akabonyeza Mama, mara mbili, akimtazama. Nilitoka nje nikajifanya natafuta mtandao.

Niliporudi alikuwa anabonyeza kile kitufe kitupu. Nikamwambia hicho hakina kitu. Akaniangalia, akakibonyeza tena. Nikadhani ni mkono wake.

Jumapili watu walikuja wengi kuliko walioalikwa. Viti vya plastiki vilipangwa uani, Ochoki upande wa migomba, Ratemo upande wa lango, kila mmoja na mkewe na watu wake. Naibu wa chifu alikaa mezani na karatasi zake. Mimi nilikaa kushoto kwa baba, karibu na mkono unaofanya kazi. Mzee Obadiah akaomba dua, akaeleza kilichotuleta, akamwonyesha kila mtu kwamba mashine inasema anachotaka Anyona na si vinginevyo. Akamwuliza baba kama yu tayari. Ee, ikasema mashine.

"Anyona," akasema Obadiah, "emonga unampa nani?"

Baba alibonyeza Emonga, ikasema emonga. Kisha mkono wake ukapanda safu ya tatu, ukapita, ukatua kwenye kitufe kitupu. Kimya. Akakibonyeza tena. Kimya. Akauinua mkono, akanishika kifundo cha mkono.

Nilijua ananiita nitengeneze. Nikaomba watu wasubiri, nikaangalia waya, nikafungua lile dirisha jeusi mbele ya ukoo mzima. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikabonyeza Ee mwenyewe, ikaitika. Nikamwambia aendelee.

Akabonyeza kile kile. Akanishika mkono tena, safari hii kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Tata, hicho hakina kitu," nikamwambia. "Bonyeza jina."

Nikakichukua kidole chake nikakiweka juu ya Ochoki, nikakisogeza juu ya Ratemo, kama unavyomwonyesha mtoto. Akakivuta. Obadiah, ambaye ni mtu wa subira, akaamua kumsaidia. Akamwuliza: ni Ochoki? Yaya, ikasema mashine. Ni Ratemo? Yaya. Basi ni nusu kwa nusu? Yaya. Watu wakaanza kucheka. Mke wa Ratemo akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mashine hii kweli ni ya Gesare, inapinga kila mtu. Baba akarudi kwenye kitufe kitupu, akakipiga, akakipiga, huku ananitazama usoni, na mimi nikatazama pembeni kwa aibu. Nilimkasirikia. Siku tano za kazi yangu, na ananiumbua mbele ya watu kwa kung'ang'ania kitufe kimoja kisicho na kitu.

Naibu wa chifu akatazama saa. Akasema serikali haiwezi kuandika kwamba mashine imekataa. Wazee wakasogea migombani wakanong'ona, wakarudi. Obadiah akasema kwa kuwa mwenye mali hakumchagua yeyote, emonga igawanywe sawa kwa wana wake wawili, kama ambavyo ingekuwa hata kama angefariki. Ochoki akanung'unika, Ratemo akanung'unika, wote wawili wakakubali. Ikaandikwa, ikasomwa. Kilichobaki ni alama ya kidole.

Aliyekuwa karibu ni mimi. Naibu wa chifu akanipa kibao cha wino, nikakishika kidole gumba cha baba nikakichovya. Mkono wake ulikuwa unavuta nyuma. Nikasema mbele ya watu, "Ni mtetemo, vumilieni," nikaukaza, nikakikandamiza kidole kwenye karatasi. Alama ilitoka safi. Baba akafumba macho, hakuyafumbua hadi watu walipokwisha kuondoka.

Jumatatu nilikuwa Kisii dukani, bado na hasira, na nikalifungua lile faili la kumbukumbu nithibitishe kwamba kosa halikuwa langu. Kitufe cha kumi na mbili, saa nane na dakika kumi na nne: kimepokelewa, hakina kazi. Kitufe cha kumi na mbili, saa nane na dakika kumi na tano: kimepokelewa, hakina kazi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Draiva ilikuwa imefanya kazi kama ilivyopaswa. Hakuna mbonyezo hata mmoja uliopotea.

Nikavihesabu. Mara ishirini na tatu, zote kitufe kimoja. Mkono unaotetemeka haufanyi hivyo. Unateleza, unaangukia jirani, kama ulivyokuwa ukifanya kwenye Maji na Choo. Huu haukuteleza hata mara moja.

Nikafungua faili nilimoandika majina ya vitufe. Tisa, Mama. Kumi, Ochoki. Kumi na moja, Ratemo. Kumi na mbili, pameachwa wazi. Nikausoma mstari ule kama kwamba umeandikwa na mtu mwingine. Nani anamfuata Ratemo katika nyumba ya Anyona? Nani aliyefuata kuzaliwa? Baba alikuwa mtu wa orodha maisha yake yote. Alipoona safu ya watu wa nyumbani kwake imepangwa kwa mpangilio, na kitufe cha mwisho hakina karatasi, aliamini karatasi imesahaulika tu.

Nawaambia ukweli, na afadhali niseme mimi kuliko kusemwa. Sikuliacha jina langu kwa unyenyekevu. Sikuliacha kwa kuogopa kuitwa mlafi. Halikunijia. Niliandika majina ya watu wanaoweza kupewa shamba, nikaandika mawili, nikaona yametimia, na kitufe cha ziada kikabaki mkononi mwangu nisijue nikifanyie nini. Mimi, mwenye kifungu cha katiba kichwani. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi hata sikujua kama ni mgonjwa. Nilifunga duka saa nne asubuhi, nikakaa sakafuni, nikalia.

Sikungoja Jumapili. Jumanne asubuhi nilikuwa Gesima. Onchiri hakuwapo na simu yake haikupatikana, basi nikajirekodi mwenyewe nikitaja jina langu. Nikaandika mstari wa kumi na mbili, nikakata kikaratasi, nikafungua kifuniko na kukiweka. Nikamwekea baba sinia magotini. Sikumwambia lolote isipokuwa swali lile lile aliloulizwa na Obadiah, na niliuliza nikiwa nimeshika ukingo wa kitanda.

Alibonyeza Emonga. Kisha akabonyeza jina langu. Alipolisikia likitoka, uso wake, ule upande unaoweza, ukacheka. Akalibonyeza tena.

Nikamtuma mama amwite Obadiah, nami nikawapigia ndugu zangu wote wawili. Walifika kabla ya mchana, kwa mara ya kwanza pamoja. Ratemo alikuwa na udongo kwenye viatu, maana walikuwa kule barabarani wanapima mahali pa kupanda mpaka. Nikawaambia wamsikilize baba. Obadiah akauliza swali lake upya, taratibu, na mashine ikasema Emonga, ikasema Gesare. Obadiah akauliza mara ya pili. Ikasema Gesare. Baba alikuwa amekaa wima kuliko nilivyowahi kumwona tangu mwezi wa pili.

Ochoki hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Hiyo sauti ni ya nani?" akaniuliza.

"Ni yangu."

"Na hiyo jina, hapo kwa kitufe, imewekwa lini?"

"Leo asubuhi."

"Na nani?"

Ratemo akavuta kigoda, akakaa, akasema kwa upole kabisa kwamba hata yeye angeweza kuleta kibodi, aandike Ratemo kwa vitufe vyote kumi na sita. Nikawaeleza habari za kumbukumbu, nikafungua laptopu, nikawaonyesha zile mara ishirini na tatu. Ochoki akatazama herufi nyeupe kwenye dirisha jeusi, akaniuliza ni nani anayeandika mafaili ndani ya mashine ile. Nikasema ni mimi. Akaitikia kwa kichwa.

Nikamgeukia Obadiah. Nilimwambia yeye ni mzee wa kanisa, anamjua Anyona tangu ujana wao, amtazame machoni aseme kama huyu ni mtu asiyejua anachokitaka. Obadiah alimtazama muda mrefu. Naamini aliona. Ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba aliona.

"Mwanangu," akaniambia, "kama hiyo jina lingekuwa hapo Jumapili, ningelisoma mbele ya wote, na hakuna mtu angefungua mdomo. Lakini haikuwa. Kidole kiliwekwa. Na si mwingine alikishika, ni wewe."

Nilitukana. Sitaandika nilichosema, mama alikuwapo. Nilimwita Ochoki majina, nikamwita Ratemo majina, nikataja kifungu changu cha katiba, nikasema nitakwenda mahakamani, na wao wakasimama wakinisikiliza kama watu wanaosubiri mvua ipungue. Nikaona wazi jinsi itakavyokuwa huko mahakamani. Hakimu ataniuliza yale maswali ya Ochoki, kwa mpangilio ule ule, na majibu nitakuwa na yale yale.

Muda wote huo baba hakuacha. Gesare, ikasema mashine. Sekunde moja ikapita, kama nilivyoipanga mimi mwenyewe. Gesare. Sauti yangu, ya asubuhi, yenye matumaini, ikiita jina langu katika chumba ambamo hakuna aliyetaka kulisikia. Gesare. Mama akainamisha kichwa. Ochoki akaniomba, kwa adabu, niizime, mzee apumzike.

Ningesema alinilazimisha. Hakunilazimisha. Niliinama nikauchomoa waya wa kibodi mimi mwenyewe, kwa sababu sikuweza kuistahimili sauti ile hata mara moja zaidi. Ndugu zangu wakatoka, Obadiah akawafuata na kofia yake mkononi.

Baba aliendelea kubonyeza.